Jibu la mtaalamu: Mtafiti wa amani baada ya vita hufanya kazi gani hasa?

Swali: *Shikamoo Profesa. Nimemaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa na nataka kubobea katika usalama wa kimataifa, hasa ujenzi wa taifa baada ya vita. Nyumbani wananiuliza hiyo ni kazi gani, nami nashindwa kuwajibu vizuri. Mtafiti wa mambo haya hufanya nini hasa? Niweke nguvu kwenye takwimu au niende nikaongee na watu? Na kuna yeyote aliyewahi kunufaika na tafiti hizi, au huishia kabatini?*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nyumbani wajibu hivi: unataka kujua kwa nini watu waliokuwa wakiuana hukubali kuweka silaha chini, na kwa nini baadhi yao huziokota tena. Mengine yote utakayoyasoma, kuanzia ulinzi wa amani, uchaguzi wa kwanza baada ya vita, jeshi jipya na mahakama, hadi bajeti ya serikali inayoanza upya, yanarudi kwenye swali hilo.

Nadharia tupu haitakusaidia kuamua, kwa hiyo chukua nchi mbili. Angola na Msumbiji zilitawaliwa na Ureno, zikapata uhuru mwaka mmoja, 1975, na zote mbili zikatumbukia katika vita kati ya chama tawala kilichofuata Umaksi na waasi waliosaidiwa na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Mei 1991 serikali ya Angola na waasi wa UNITA, walioongozwa na Jonas Savimbi, walitia saini mkataba wa amani huko Bicesse, Ureno. Umoja wa Mataifa ukapeleka waangalizi wa kijeshi wapatao 350 katika nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba milioni moja na laki mbili. Uchaguzi ukafanyika Septemba 1992 huku majeshi ya pande zote mbili yakiwa hayajavunjwa sawasawa. Rais José Eduardo dos Santos alipata kura zilizokaribia asilimia 50, Savimbi asilimia 40, na sheria ilitaka duru ya pili. Haikufanyika. Savimbi alisema ameibiwa kura, wapiganaji wake walikuwa bado na bunduki zao, na kabla mwaka haujaisha nchi ilikuwa imerudi vitani. Vita hivyo vilikwisha baada ya yeye mwenyewe kuuawa, Februari 2002.

Serikali ya Msumbiji na waasi wa Renamo walitia saini mkataba wao Roma tarehe 4 Oktoba 1992, siku chache tu baada ya uchaguzi ule wa Angola. Waliosimamia utekelezaji wake waliona kwa macho yaliyokuwa yakitokea kwa jirani wa kihistoria. Safari hii Umoja wa Mataifa ulipeleka askari zaidi ya 6,000. Uchaguzi uliopangwa mwaka 1993 ukasogezwa hadi Oktoba 1994 ili kwanza vikosi vivunjwe na askari warudi uraiani. Aliyerudi uraiani hakupewa fungu zima kambini. Alilipwa posho kidogo kidogo kwa miaka miwili, akiifuata benki karibu na mahali alipochagua kuishi. Ukaanzishwa pia mfuko maalumu, Italia ikiwa mchangiaji mkubwa, wa kuigeuza Renamo kutoka jeshi la msituni kuwa chama chenye ofisi, magari na wagombea. Mkesha wa uchaguzi kiongozi wa Renamo, Afonso Dhlakama, akatangaza kususia. Akabembelezwa, akarudi kabla kura hazijaisha kupigwa, akashindwa kwa asilimia 33 dhidi ya 53 za Rais Joaquim Chissano, na wabunge wake 112 wakaenda kukaa bungeni.

Sasa kaa kwenye kiti cha mtafiti. Kwa nini huku vita vilirudi na kule havikurudi? Mmoja atasema ni idadi ya walinda amani. Mwingine atasema Savimbi alikuwa na almasi za kulipia vita na Dhlakama hakuwa na kitu. Wa tatu atakumbusha kwamba Msumbiji ilikuwa imekaushwa na ukame na watu wamechoka, na kwamba Renamo ilikwishapoteza mfadhili wake mkubwa. Wa nne atataja tabia za viongozi. Kila jibu lina ukweli ndani yake, na kwa nchi mbili peke yake huwezi kuyatenganisha, maana sababu ni nyingi kuliko visa. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Waandishi wa habari na wanadiplomasia hutoa maelezo mazuri sana, na mara nyingi wanajua nchi kuliko sisi. Mtafiti hulazimika kuhakikisha kama maelezo hayo yanasimama pia mahali pengine, ambako hakuna almasi, au hakuna ukame, au hakuna Savimbi.

Mtafiti Barbara Walter aliangalia vita vilivyopiganwa kati ya 1940 na 1990 akakuta kwamba vita baina ya nchi na nchi vilimalizika kwa mazungumzo kwa asilimia 55, lakini vita vya ndani kwa asilimia 20 tu. Maelezo yake yalibadili namna tunavyofikiri. Nchi mbili zikipatana, kila moja hurudi nyuma ya mpaka wake na jeshi lake. Watu wa nchi moja wakipatana, upande mmoja hutakiwa kuukabidhi ulinzi wake kwa serikali ya pamoja, na tangu siku hiyo hauna tena cha kuulazimisha upande wa pili kutimiza ahadi. Kwa hiyo pande mbili zinaweza kutaka amani kwa dhati kabisa na bado zikarudi vitani, kwa sababu kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kubaki mikono mitupu. Ukilielewa hilo vizuri, utaisoma mikataba ya amani kwa jicho jingine. Utaruka dibaji yenye maneno ya udugu uende moja kwa moja kwenye kiambatisho cha usalama: nani anakabidhi nini, siku ipi, mbele ya nani, na akikataa nini kinafuata.

Baadaye Dawn Brancati na Jack Snyder walizichukua chaguzi za kwanza baada ya vita vya ndani tangu 1945, wakapima kama kuharakisha uchaguzi kunaongeza hatari ya vita kurudi. Kunaongeza. Lakini hatari hupungua pale ambapo silaha zimekwisha kukusanywa, walinda amani wapo, na anayeshindwa bado ana sehemu ya madaraka. Soma tena aya zangu za Angola na Msumbiji uone jinsi fununu iliyotoka kwenye nchi mbili ilivyokuja kupimwa kwa nchi nyingi. Ilichukua miaka ishirini na zaidi. Mwendo wa fani hii ni huo, na asiye na subira itamtesa.

Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Mwaka 2013 mapigano yalizuka upya Msumbiji kati ya Renamo na serikali. Ilibidi makubaliano mengine yatiwe saini, ya mwisho Agosti 2019, na kambi ya mwisho ya Renamo ilifungwa mwaka 2023. Miongoni mwa waliokabidhi bunduki safari hiyo walikuwemo watu waliozeeka nazo. Je, amani ya 1992 ilifanikiwa au ilishindwa? Mimi nasema ilifanikiwa, kwa kuwa miaka ishirini bila vita ni kizazi kizima kilichosoma shule. Lakini ukinibishia sitashangaa. Jibu linategemea umeacha kuangalia mwaka gani, na watafiti wengi huacha kuangalia mapema mno, pale ufadhili unapoisha.

Sasa takwimu au watu. Jifunze takwimu kwanza, na mapema, kwa sababu ukishaanza kazi hutapata tena miezi ya kukaa na hesabu kwa utulivu. Sikwambii hivyo kwa kuwa namba ni bora kuliko watu. Nakwambia kwa sababu namba mbovu katika fani hii zinaamua mambo makubwa, na asiyejua hesabu huzibeba tu.

Mfano ninaowapa wanafunzi wangu wote ni wa "nusu". Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hesabu ya mwanauchumi Paul Collier na wenzake ilisema kwamba karibu nusu ya nchi zinazotoka vitani hurudi vitani ndani ya miaka mitano. Namba ile ilikuwa rahisi kukumbuka na ikasafiri. Machi 2005 ilikuwa ndani ya ripoti ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, katika hoja za kuanzisha Tume ya Ujenzi wa Amani, na Desemba mwaka huo tume ikaundwa. Baadaye Astri Suhrke na Ingrid Samset waliifuatilia namba hiyo hadi kwenye chimbuko lake, wakaonyesha kwamba hesabu zilizorekebishwa za watafiti walewale zilishuka hadi karibu robo. Nusu na robo si tofauti ndogo. Mfadhili anayeamini kwamba nusu ya kazi yake itateketea hupanga kwa haraka na kwa hofu. Anayeamini kwamba nchi tatu kati ya nne zitavuka hupanga kwa utulivu zaidi. Tume yenyewe naiona ilikuwa wazo zuri kwa namba yoyote kati ya hizo mbili, lakini ningependa iwe imezaliwa kwa namba iliyo sahihi.

Kuna pia suala la nani anahesabiwa. Kituo cha takwimu za migogoro cha Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ambacho sote tunakitumia, huhesabu kwamba kuna mgogoro wa kivita pale vifo vya mapambano vinapofika 25 kwa mwaka. Ni kipimo cha busara na kinaeleweka. Lakini mahali penye vifo 24 hapamo katika orodha hiyo, na mahali ambapo watu wanakufa kwa njaa iliyoletwa na vita hapahesabiwi kwa njaa hiyo. Kabla ya kutumia data za mtu, soma kanuni zake za kuhesabu kwa umakini uleule unaosoma nao mkataba.

Na kuna mtego ambao fani yetu ilichelewa kuutegua. Kwa muda mrefu watu walilinganisha nchi zilizopata walinda amani na zisizopata, wakasema mbona zilizopata hazina nafuu kubwa. Ni sawa na kulinganisha vifo vya wodi ya mahututi na vya chumba cha kuchanja, kisha kusema madaktari wa mahututi hawajui kazi. Virginia Page Fortna alionyesha kwamba walinda amani hupelekwa zaidi palipo pagumu, na kwamba ukizingatia ugumu huo, kuwepo kwao hupunguza kwa kiasi kikubwa uwezekano wa vita kurudi. Kama hujui hesabu, matokeo ya aina hiyo utayapokea kwa imani au utayakataa kwa imani, na vyote viwili havifai.

Lakini namba nazo hutoka kwa watu. Desemba 2003, miezi michache baada ya mkataba wa Accra kumaliza vita vya Liberia, kambi ya kwanza ya kukusanya silaha ilifunguliwa Schefflin, nje ya Monrovia. Ilitayarishwa kwa wapiganaji wapatao elfu moja. Walikuja mara kadhaa ya hao, wengi wao watu wa jeshi la serikali ya zamani, wakitaka fedha zao siku hiyohiyo. Nafasi hakuna, fedha taslimu hakuna. Zikapigwa risasi mjini, watu wakafa, na mpango mzima ukasimamishwa hadi Aprili 2004. Ahadi ilikuwa dola 300 kwa mafungu mawili. Kwa ofisa aliyeandika mpango ule, mafungu mawili yalikuwa utaratibu wa uhasibu. Kwa kijana aliyesimama getini na bunduki, fungu la pili lilikuwa ahadi ya watu asiowajua.

Mpango ulipofufuliwa, mtu aliweza kuandikishwa hata kwa kuleta risasi 150 bila bunduki. Makadirio ya mwanzo yalikuwa wapiganaji 38,000. Walioandikishwa walizidi 100,000, na bunduki zilizokusanywa hazikufika 30,000. Wengi waliosoma takwimu hizo walipiga kelele kwamba kuna udanganyifu, na bila shaka ulikuwepo. Lakini zitazame tena: miongoni mwa walioandikishwa walikuwemo wanawake zaidi ya 20,000. Jirani yao Sierra Leone, ambako mtu alitakiwa kuonyesha silaha na kujua kuifungua, waliandikishwa watu wapatao 72,000 na wanawake hawakufika 5,000. Wanawake waliobeba mizigo, waliopika, waliotekwa na kufanywa wake wa makamanda, hawakuwa na bunduki ya kukabidhi, au kamanda aliichukua na kumpa ndugu yake. Sharti moja la mlangoni lilizaa vita viwili tofauti katika takwimu: kimoja chenye wanawake na kimoja kisicho nao. Mtafiti aliyekaa na makabrasha peke yake angeandika kwamba wanawake wa Sierra Leone hawakushiriki vitani.

Ndiyo maana lazima uende. Huko Sierra Leone, mwaka 2003, Macartan Humphreys na Jeremy Weinstein walifanya mahojiano na wapiganaji wa zamani zaidi ya elfu moja, wakiwemo waliopitia mpango wa kurejeshwa katika jamii na wasioupitia. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba waliopitia mpango walipokelewa vizuri zaidi kuliko wenzao. Kilichoamua zaidi ni kikosi ambacho mtu alitoka: waliotoka vikosi vilivyowatesa sana raia ndio waliopata taabu kukubalika. Jambo hilo halikuwa kwenye fomu ya mradi wowote. Wafadhili walikuwa wanahesabu mafunzo ya useremala na ushonaji, na jamii ilikuwa inakumbuka nani alifanya nini.

Namna ya kuuliza ni ufundi peke yake. Ukimuuliza mpiganaji wa zamani "ulijiunga kwa sababu gani", atakupa sababu aliyokwisha kuwapa watu wengine wenye daftari. Muulize siku aliyoondoka nyumbani nani alikuwepo, alivaa nini, alikula wapi jioni ile. Sababu itajitokeza humo ndani, na mara nyingi itakuwa ndogo na nzito kuliko itikadi: kaka yake alikuwa tayari huko, au alipokataa alipigwa. Usikimbilie jambo la kuumiza. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Na kama mkalimani anafupisha majibu ya dakika tano kuwa sentensi moja, simamisha mahojiano mzungumze na mkalimani pembeni.

Lugha ninayokusisitizia sana ni Kifaransa, na Kireno ukiweza. Kiswahili unacho tayari, na usikidharau: mashariki ya Kongo utakaa na watu bila mkalimani, ingawa itakubidi uzoee namna yao ya kukisema. Séverine Autesserre alionyesha kwamba walinda amani kule walishughulikia wakubwa wa Kinshasa na nchi jirani, wakaacha magomvi ya ardhi na uchifu ya vijijini ambayo yalikuwa yakiwasha moto upya. Magomvi ya aina hiyo husimuliwa kwa lugha ya nyumbani, jioni, na asiyeielewa huyapita.

Sasa nisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa naona vijana wengi wakienda bila kuonywa. Ukimwambia mtu "jina lako halitatoka", umetoa ahadi ambayo huenda sheria isikuruhusu kuitimiza. Kati ya 2001 na 2006, mradi wa Chuo cha Boston, Marekani, ulirekodi simulizi za watu waliopigana katika makundi yenye silaha ya Ireland Kaskazini. Waliambiwa kanda zitafungwa hadi wafe. Mwaka 2011 polisi wa Ireland Kaskazini, wakichunguza mauaji ya mwaka 1972, walianza kuzidai kanda hizo kwa kupitia serikali ya Marekani, na mahakama zikaamuru baadhi yake zitolewe. Watu wakakamatwa na kuhojiwa. Waliozungumza walikuwa wamehatarisha maisha yao kwa kuamini neno la mtafiti, na katika jamii zao kusema mambo yale kulihesabiwa usaliti.

Kwa hiyo kamati ya maadili ya chuo ikikupa cheti, usidhani imemaliza kazi. Usirekodi jina kama hulihitaji. Usiulize kosa la jinai la mtu binafsi kama swali lako linahusu kikosi kizima. Tenganisha daftari la majina na daftari la majibu, na kama unaweza, daftari la majina lisiwepo kabisa. Mwambie mtu ukweli kuhusu unachoweza kumlindia na usichoweza, halafu umwachie aamue. Wengine watakataa. Vizuri.

Uliza pia fedha za utafiti zinatoka wapi. Mwaka 1965 mradi wa jeshi la Marekani uliojulikana kama Camelot, uliokusudia kuwatumia wanasayansi ya jamii kutabiri maasi katika nchi za nje, ulifichuliwa Chile na kufutwa. Mmoja wa waliousaidia umma kuujua ni Johan Galtung, Mnorwe aliyekataa mwaliko wa kushiriki, mwanzilishi wa taasisi ya utafiti wa amani ya Oslo. Sikatai fedha za serikali zote. Tafiti nzuri nyingi zimelipiwa na wizara. Ninachokataa ni utafiti ambao unayemhoji akijua nani atasoma majibu yake, angenyamaza.

Kuhusu "ujenzi wa taifa" wenyewe, nitakuwa mfupi kuliko unavyotarajia, kwa sababu ni jina pana lililobeba kazi mbili. Kuna kujenga dola: jeshi, polisi, hazina, mahakama. Na kuna watu kujiona wamoja, ambayo hakuna mgeni awezaye kuifanya kwa niaba yao. Makosa makubwa ya miaka ya karibuni yametokana na kudhani ya kwanza huleta ya pili kwa haraka, au kwamba dola inaweza kuvunjwa kwanza ndipo ijengwe. Tarehe 23 Mei 2003 mamlaka ya ukaliaji iliyoongozwa na Marekani nchini Iraq ilivunja jeshi zima kwa amri moja, na mamia ya maelfu ya wanaume waliofunzwa silaha wakabaki bila mshahara wala heshima. Afghanistan ilitumiwa na Marekani peke yake dola zipatazo bilioni 145 za ujenzi mpya, na serikali yake ikaanguka tarehe 15 Agosti 2021. Timor-Leste, iliyosifiwa sana baada ya uhuru wake wa 2002, ilitikiswa mwaka 2006 baada ya askari wapatao 600 kufukuzwa kazi wakilalamikia upendeleo jeshini. Watu wapatao 150,000 walikimbia makazi yao, na Umoja wa Mataifa ulilazimika kurudisha kikosi kikubwa muda mfupi tu baada ya kukiondoa.

Burundi inafundisha upande mwingine. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ulioanza kusuluhishwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela baada ya kifo chake, uliweka kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu ya jeshi. Kundi kubwa la waasi halikusaini siku ile. Liliingia mwaka 2003. Na mgogoro mkali ulipozuka mwaka 2015 kuhusu muhula wa tatu wa rais, damu ilimwagika, lakini mgawanyiko haukufuata kabila moja kwa moja kama zamani. Wengine huhesabu 2015 kuwa ushahidi kwamba Arusha ilishindwa. Mimi naona kipengele kimoja, cha jeshi, kilifanya kazi yake hata pale vingine vilipovunjwa, na ningependa mtafiti kijana atumie miaka yake kueleza kwa nini.

Nani amenufaika? Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulitoa viwango vya pamoja vya kukusanya silaha na kurejesha wapiganaji uraiani, na ndani yake wanawake waliofuatana na vikosi bila kushika bunduki wametajwa kama watu wanaostahili kuandikishwa. Mambo ya Sierra Leone na Liberia niliyokusimulia, pamoja na tafiti na kelele za mashirika ya wanawake, ndiyo yaliyofungua mlango huo. Msichana anayeandikishwa leo bila kudaiwa bunduki hajui jina la mtafiti yeyote, wala hahitaji kulijua. Lakini pia ni kweli kwamba ripoti nyingi husomwa na waliozilipia tu, na baraza lenye haraka huchukua hitimisho likaacha masharti yake. Dawa mojawapo ni kuandika mara mbili: kwa wenzako wa fani, na kwa lugha ambayo waliohojiwa wanaweza kuisoma na kukusahihisha.

Ajira zipo vyuoni, kwenye taasisi za sera, Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika na mashirika ya misaada, lakini mikataba mingi ni mifupi, na shahada ya uzamivu ndiyo inayokupa uhuru wa kuchagua swali lako mwenyewe. Soma pia fedha za umma. Wengi wetu hatujui kusoma bajeti ya jeshi, na humo ndimo serikali husema ukweli kuhusu nani inamwogopa. Na tafuta mapema mtu wa kuzungumza naye baada ya mahojiano mazito. Simulizi za mateso hukaa mwilini mwa anayezisikiliza. Wapo watafiti hodari walioacha kazi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kukosa usingizi baada ya miezi ya kusikiliza ni jambo la kutafutiwa msaada.

Ukitaka kujipima kabla ya kuomba uzamili, Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, kina hifadhi ya wazi inayofuatilia utekelezaji wa mikataba 34 ya amani iliyotiwa saini tangu 1989, kipengele kwa kipengele, mwaka kwa mwaka. Chagua mkataba mmoja. Soma maandishi yenyewe kabla ya kusoma maoni ya mtu. Andika kila ahadi ya usalama iliyomo, tarehe yake na aliyetakiwa kuishuhudia; pembeni andika kilichotokea. Kisha chagua mkataba wa pili unaofanana na huo lakini uliokwenda njia nyingine, ufanye vivyo hivyo. Utakapofika mahali ambapo huwezi kueleza tofauti yao, andika kurasa mbili kuhusu hapohapo unitumie. Nitazisoma.